Kikombe Juu ya Kaunta: Mkopeshaji Bora Apimwe kwa Lipi?

Katika barua zilizoifikia safu hii ya maswali ya fedha, tatu zimetoka Tanga na zote zinagusa jambo moja, yaani namna ya kuzipima na kuzitunuku kampuni zinazoishi kwa biashara ya mikopo. Nimeamua kuzijibu pamoja, ingawa ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu mwandishi wake yuko karibu kuchapisha fomu zake.

SWALI: Mimi ni katibu wa umoja wa wafanyabiashara wadogo hapa Tanga mjini. Umoja wetu umeombwa kuandaa hafla ya kuzitunuku kampuni zinazofanya vizuri katika shughuli za mikopo: zinazokopesha, zinazokusanya madeni, na zinazotunza taarifa za wakopaji. Kamati yangu imeandika vigezo vitatu, navyo ni ukubwa wa mikopo iliyotolewa kwa mwaka, asilimia ya marejesho, na kura za wananchi kwa ujumbe wa simu. Kampuni mbili zimekwisha kujitolea kugharamia ukumbi na chakula, nazo zimo katika orodha ya washindani. Baadhi ya wajumbe wanavikubali vigezo hivi na wengine wanaguna. Tusaidie kabla hatujachapisha fomu.
Katibu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu Katibu, wajumbe wanaoguna wana sababu, na ninakuomba uwasikilize kabla fomu hazijafika kwa mchapaji. Vigezo vyote vitatu vinamtazama mkopeshaji akiwa upande wake wa meza. Hakuna hata kimoja kinachouliza yaliyompata mtu aliyekaa upande wa pili, hasa siku ile ambayo biashara imekwama na fedha ya rejesho haipo. Mimi ninaamini kwamba kampuni ya mikopo hujulikana siku hiyo, na kwamba tuzo isiyofika hapo ni afadhali isitolewe.

Nitakueleza ninakolitoa neno hili. Nilipoanza kazi nilikuwa afisa mikopo katika taasisi moja iliyokuwa na ofisi Ngamiani, na kila Alhamisi asubuhi nilikwenda Makorora kupokea marejesho ya vikundi vya akina mama. Walikaa mkekani uani kwa mwenyekiti wao, daftari lenye jalada gumu likiwa katikati na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Mweka hazina alihesabu noti kwa sauti, wenzake wakimfuatisha, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla hesabu haijatimia. Alhamisi moja ilipungua shilingi 18,000. Mwenzao aliyekuwa akiuza vitumbua alikuwa hospitali na mtoto. Mimi nikaketi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi niliyofundishwa, kuketi pale bila kusema neno, mpaka wenzake walipoanza kufungua mafundo ya pindo za kanga zao mmoja mmoja na kutoa walichokuwa nacho, huyu nauli, yule fedha ya mchuzi wa siku ile. Ilipokaribia adhuhuri hesabu ilitimia. Katika taarifa yangu niliandika marejesho asilimia 100, na mwisho wa mwaka tawi letu lilipewa cheti cha tawi bora, kikatundikwa ukutani karibu na saa. Mama wa vitumbua aliuza jiko lake na chuma cha kuchomea vitumbua ili awarudishie wenzake. Katika fomu ya taarifa hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Ndiyo maana nasema kwamba asilimia ya marejesho, ikiachwa peke yake, haiwezi kuwaambia waamuzi wenu kama mkopeshaji anajua kuchagua watu wa kukopesha au anajua kukamua tu. Zaidi ya hayo, ni namba inayochezewa kwa urahisi. Waliofanya kazi hii wanajua yanayotokea wiki ya mwisho ya robo mwaka: mkopaji aliyechelewa anaitwa ofisini, anapewa mkopo mpya ulio mkubwa kidogo kuliko wa zamani, ule wa zamani unalipwa humo humo, na deni bovu linageuka kuwa deni jipya lenye afya bila senti moja kuingia. Mteja anatoka na mzigo mkubwa zaidi, na taarifa inakwenda makao makuu ikiwa safi.

Kipimo ambacho wachambuzi wa taasisi za mikopo midogo hukitegemea ni kile cha mikopo iliyo hatarini kwa zaidi ya siku 30. Hapo hawajumlishi rejesho lililochelewa pekee, bali salio lote la kila mkopo wenye rejesho lililopitisha siku hizo, kisha wanaligawa kwa jumla ya mikopo iliyoko mikononi mwa wateja. Kampuni yenye shilingi milioni 100 mikononi mwa wateja, ambayo mikopo yake iliyochelewa hivyo ina salio la milioni 6, ina asilimia 6 hatarini. Kwa kulinganisha, kiwango ambacho Benki Kuu ya Tanzania hukitazamia kwa mikopo chechefu ya mabenki, yaani ile isiyolipwa kama ilivyokubaliwa, ni kisichozidi asilimia 5. Lakini hata kipimo hiki kina mlango wa nyuma. Kampuni hiyo ikimwaga haraka haraka mikopo mipya ya milioni 100, asilimia itashuka kutoka 6 hadi 3 ilhali zile milioni 6 bado hazijalipwa hata kidogo. Kwa hiyo kigezo chenu cha kwanza, ukubwa wa mikopo iliyotolewa, ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote, kwa kuwa kinampa zawadi anayeyakimbia madeni yake mabaya kwa kukopesha zaidi. Waamuzi waombe mambo matatu kwa pamoja, yaani mikopo iliyo hatarini, mikopo iliyopangwa upya na mikopo iliyofutwa vitabuni, na waombe ya miaka mitatu mfululizo kutoka katika hesabu zilizokaguliwa. Mwenye kuficha kimoja ataonekana katika kingine.

Madhara ya kuutukuza ukuaji yalionekana India mwaka 2010. Katika jimbo la Andhra Pradesh kampuni za mikopo midogo zilikuwa zimekua kwa kasi iliyowafurahisha wawekezaji, na kubwa kuliko zote, SKS Microfinance, iliingiza hisa zake katika soko la hisa mwezi Agosti mwaka huo. Mwezi Oktoba serikali ya jimbo ilitoa amri ya kuzibana, kufuatia taarifa za wakopaji waliojiua kwa kulemewa na madeni na kusumbuliwa na wakusanyaji, na baada ya hapo marejesho yakaporomoka jimboni kote. Familia nyingi zilikuwa zikidaiwa na kampuni kadhaa kwa wakati mmoja, na kila kampuni ilikuwa ikimhesabu mama yule yule kuwa mteja wake mzuri. Tanga nasi tunawajua wanaokopa mtaa huu Jumatatu ili walipe mtaa wa pili Jumanne.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe ya kupima, na hapa nawaomba mtenge fedha za nauli kwa waamuzi kabla ya kutenga fedha za maua ya meza. Kila kampuni inayoshindana ilete orodha ya namba za majalada, bila majina, na waamuzi wachague kwa bahati nasibu namba 20: kumi za waliomaliza kulipa salama, na kumi za walioshindwa. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu taarifa za wateja kusambazwa ovyo, kampuni yenyewe iwaombe ridhaa wateja hao, na wakikataa wengi mno kutoka kundi la walioshindwa, hilo nalo liandikwe. Kisha waamuzi waende Mabawa, waende Mikanjuni, waende Sahare, wakae na watu hao bila afisa wa kampuni kuwapo.

Maswali yawe machache na ya karibu. Je, mkataba ulisomwa kwa Kiswahili, na nakala yake iko wapi, ndani ya kabati au ofisini kwao? Je, kabla ya kutia saini ulitajiwa jumla ya shilingi utakazolipa mpaka mwisho, au ulitajiwa rejesho la wiki tu? Siku uliyoshindwa kulipa, nani alikuja, saa ngapi, alisema nini, na mbele ya nani? Na kama dhamana iliuzwa, iliuzwa kwa bei gani na kilichozidi deni alipewa nani? Swali hili la mwisho ninalisisitiza kuliko mengine. Mtu anadaiwa 140,000, linachukuliwa jokofu lililomgharimu 600,000, linauzwa kwa mtu anayejuana na ofisi, na mwenye jokofu anaambiwa deni limekwisha, ashukuru. Kampuni inayoweza kuwaonyesha waamuzi stakabadhi kumi za fedha zilizorudishwa kwa wateja baada ya dhamana kuuzwa ina haki ya kuitwa bora, hata ikiwa ni ndogo kiasi cha kukaa chumba kimoja. Aidha, mtazame jinsi maafisa mikopo wanavyolipwa. Pale ambapo mshahara ni kidogo na sehemu kubwa ya kipato hutokana na marejesho, yule afisa anayeketi uani bila kusema neno hataondoka mapema, kwa sababu na yeye ana watoto.

Kura za simu ziondoeni. Hupimwa kwazo fedha ya matangazo ya kampuni na idadi ya ndugu wa wafanyakazi, basi.

Kuhusu zile kampuni mbili zilizojitolea, ziambieni kwa heshima zichague: ama zigharamie hafla, ama zishindane. Mkizikubali kwa yote mawili, hata zikishinda kwa haki hakuna atakayeamini, na mtakuwa mmeziumiza na ninyi mmejiumiza. Hafla inaweza kuwa ndogo, kwa chai na maandazi katika ukumbi wa shule, na ikawa na uzito. Tena andikeni ndani ya fomu kwamba waamuzi wana ruhusa ya kusema mwaka huu kundi fulani halina mshindi. Bila kifungu hicho mtalazimika kumpa kikombe asiye mbaya sana, naye atakitangaza kuwa ni ushahidi wa ubora.

Kuna sharti ambalo halina mjadala, nalo ni leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: la kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwamo kampuni na watu binafsi, la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Asiye na leseni au usajili wa daraja lake asipewe hata fomu. Na madaraja hayo hayo yawe msingi wa makundi ya tuzo, kwa sababu si haki kumshindanisha mkopeshaji aliyeanza kwa mtaji wa shilingi milioni 20 na taasisi inayokusanya akiba za watu mikoa yote. Kwa SACCOS kazi yenu ni nyepesi zaidi, kwani ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hesabu zao hukaguliwa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi mwingine anayetambuliwa, hivyo ombeni taarifa ya ukaguzi msome.

Wakusanyaji wa madeni wapimwe kwa kiasi walichokusanya kwa makubaliano yaliyoandikwa, si kwa vitu walivyobeba. Taasisi zinazotunza taarifa za wakopaji, ambazo Benki Kuu ilizitungia kanuni mwaka 2012, zipimwe kwa jambo moja ambalo mwananchi analisikia: mtu akikuta ameandikwa kuwa anadaiwa deni alilokwisha kulipa, inachukua siku ngapi jina lake kusafishwa? Kwa mfanyabiashara anayesubiri mkopo wa msimu, wiki tatu za kusubiri masahihisho ni msimu mzima uliopotea.

Nina ombi moja ambalo hamkuliuliza. Ongezeni kundi la wauzaji wa jumla wanaotoa mali kauli. Mkopo mwingi wa mkoa huu haupiti katika ofisi yoyote. Mwenye machungwa Muheza anapakia lori kwenda Kariakoo bila kulipwa, kwa ahadi ya mdomo; mwenye duka la jumla pale sokoni Mgandini anatoa katoni za sabuni leo na kufuata fedha Ijumaa. Huo ni usimamizi wa mikopo, na wapo wanaoufanya kwa ustadi ambao kampuni nyingi zingejifunza. Kipimo chao ni siku za kusubiri fedha. Mtu anayeuza mali ya milioni 90 kwa mwezi, huku akidai wateja wake milioni 45, anasubiri wastani wa siku 15, na ukimkuta amebaki hapo miaka mitatu bila kumpeleka mtu polisi, mpeni kikombe na mumwombe awafundishe wengine.

Wenzetu wa Uingereza wana taasisi ya kitaaluma ya wasimamizi wa mikopo, CICM, iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo hutoa tuzo za kila mwaka na pia ina utaratibu tofauti wa ithibati, ambapo idara ya mikopo ya kampuni hufungua taratibu zake zote zikaguliwe. Ninaupenda utaratibu wa pili kuliko wa kwanza. Ninyi pia mnaweza kuzichanganya njia hizo mbili kwa kuandika kwamba tuzo ni ya miezi 12 tu, na kwamba mshindi akithibitika kuwa amewanyanyasa wateja, itarudishwa na tangazo litatolewa.

Na zawadi yenyewe isiwe fedha kwa maafisa waliokusanya zaidi, maana mtakuwa mmerudi kule kule Makorora kwenye mkeka. Mkopeshaji mdogo hahitaji bahasha. Anahitaji mtaji wa bei nafuu. Ziandikieni mapema taasisi zinazokopesha wakopeshaji, kama Mfuko wa SELF, muwaulize kama taarifa ya waamuzi wenu inaweza kuwa sehemu ya wanachokitazama wanapopima maombi. Hata jibu likiwa kwamba wataisoma tu, bila ahadi, hiyo ni zawadi kubwa kuliko kikombe, kwa kuwa mkopeshaji mwema akipata mtaji wa riba ndogo, anaweza kumkopesha mama wa vitumbua kwa riba ndogo.

SWALI: Ninafanya kazi katika kampuni ya mikopo ya daraja la pili hapa mjini. Mkurugenzi wetu anasema tuzo ni mambo ya sherehe, na kwamba ni heri tutafute kampuni ya kimataifa itupime na kutupa daraja la herufi, kama zile wanazopewa mataifa na mabenki, kisha tuliweke mlangoni ili wateja watuamini. Je, herufi hizo zina maana gani kwa mteja wa kawaida?
Mfanyakazi, Raskazone, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, mkurugenzi wako amefikiri vizuri kwa nusu. Daraja la herufi ni maoni ya mchambuzi kuhusu jambo moja: je, huyu aliyepimwa atalipa madeni yake mwenyewe kwa wakati? Moody's, moja ya kampuni hizo za kimataifa za upimaji, iliyoanza kuzipima hati za madeni ya kampuni za reli nchini Marekani mwaka 1909, iliipandisha Tanzania kutoka B2 hadi B1 mwezi Machi 2024, na anayelisoma daraja hilo ni yule anayetaka kuikopesha serikali yetu. Ninyi wa Tanga mnaweza kulielewa jambo hili kupitia hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya mamlaka yenu ya maji. Mwaka 2024 Tanga UWASA iliomba kwa umma shilingi bilioni 53.12, kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na kila aliyenunua alipaswa kujiuliza kwanza kama mamlaka ile inaweza kulipa. Herufi zinajibu swali la namna hiyo.

Sasa tazama mteja wako anayeingia ofisini. Yeye hakukopeshi wewe, bali wewe ndiwe unayemkopesha. Hana haja ya kujua kama kampuni itawalipa wawekezaji wake. Haja yake ni kujua kama utamdanganya. Inawezekana kabisa kampuni ikawa na daraja zuri kwa sababu inakusanya kwa ukali, na mwekezaji akalala usingizi huku mkopaji akikesha. Kwa hiyo herufi iliyowekwa mlangoni ingemwambia mteja jambo ambalo hakuliuliza.

Jambo la pili ni nani anayelipa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 kampuni kubwa za kupima zimekuwa zikilipwa na wale wale wanaopimwa, na athari yake ilionekana katika msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008, ambapo hati nyingi za mikopo ya nyumba za Marekani zilizokuwa zimepewa herufi tatu za A, daraja la juu kabisa, ziliporomoka thamani ndani ya muda mfupi. Sisemi kwamba kila upimaji wa kulipiwa ni wa uongo. Ninachosema ni kwamba msomaji wa daraja ana haki ya kuuliza ni nani aliyelipa ada.

Ikiwa mkurugenzi wako ana nia ya kweli, mpelekee habari za aina nyingine ya upimaji, ule wa kijamii, unaofanywa na kampuni kama M-CRIL ya India na MicroFinanza Rating ya Italia. Hao hutazama kama mteja analindwa: asikopeshwe kupita uwezo wake, aelezwe bei yote, atendewe kwa heshima anapodaiwa, taarifa zake zitunzwe, na malalamiko yake yapokelewe. Kampeni ya kimataifa iliyoitwa Smart Campaign ilitoa vyeti vya misingi hiyo mpaka ilipofungwa mwaka 2020, na kazi hiyo sasa inaendelezwa na mashirika ya kimataifa ya Cerise na SPTF. Gharama ya mpimaji wa kutoka nje inaweza kuwa nzito kwa kampuni ndogo. Lakini orodha ya misingi ni bure, na mnaweza kuanza nayo kesho kwa kufungua daftari la malalamiko lenye kurasa zilizopigwa namba, likae mahali ambapo mteja analifikia bila kuomba ruhusa kwa mtu.

SWALI: Mimi ni mama lishe karibu na soko la samaki la Deep Sea. Kuna ofisi ya mikopo imeweka kikombe kikubwa kinachong'aa juu ya kaunta, na vijana wake wanasema ni tuzo ya ubora. Nataka 300,000 ninunue sufuria kubwa na jiko la gesi. Wanasema nitalipa 12,000 kila siku kwa siku 30, fomu ni 10,000, na kadi yangu ya benki itabaki kwao pamoja na namba ya siri mpaka nimalize. Je, kwa kuwa wana kikombe, niwaamini?
Mama lishe, Deep Sea, Tanga

JIBU: Mama yangu, usiwape kadi wala namba ya siri, hata kama wangekuwa na vikombe kumi. Hilo nalitanguliza kwa sababu mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi.

Sasa tupige hesabu pamoja. Shilingi 12,000 kwa siku 30 ni 360,000. Ongeza 10,000 za fomu, utakuwa umetoa 370,000 kwa mkopo wa 300,000, yaani 70,000 zaidi. Wao watakwambia kwamba riba ni asilimia 20. Lakini fikiri: unaanza kurudisha siku ya kwanza, na ikifika siku ya 15 umekwisha kurudisha nusu. Kwa wastani, mwezi mzima utakuwa umekaa na kama 150,000 mkononi, si 300,000, na kwa hizo umelipa 70,000. Gharama halisi inapita asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Kiwango ambacho Benki Kuu imekiweka kwa wakopeshaji wa daraja la pili hakizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, na kwa mkopo wako hiyo ni kama 10,500. Ndiyo maana mikopo ya namna hii watu wameiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na adui yao bali na wateja.

Kikombe kile, siku utakayopita tena, kisogelee ukisome. Kinapaswa kuwa na maandishi ya nani alikitoa, mwaka gani na kwa jambo lipi. Kama hayapo, kinaweza kuwa kimenunuliwa dukani. Kama yapo, muulize kijana wa kaunta ni nani aliyewapima na kama aliyewapima alizungumza na wateja. Kisha omba kuonyeshwa leseni ya Benki Kuu, uandike namba yake na jina la kampuni kama lilivyo, umpe kijana wako anayejua simu alitafute jina hilo katika orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Na akikwambia kuna mikopo ya haraka ndani ya simu, aihakiki kwa njia hiyo hiyo, kwani mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini.

Sufuria na jiko utavipata bila njia hiyo. Ikiwa mko akina mama kadhaa hapo sokoni mnaojuana, kikundi cha kuweka na kukopeshana kinaweza kusajiliwa katika halmashauri ya jiji. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa kwa muda. Fedha hizo huchelewa, na fomu zake ni nyingi. Mtafute afisa maendeleo ya jamii wa kata yako asubuhi, kabla hujawasha moto wa chai, na uende na wenzako wawili ili aone kwamba kikundi kipo.